Maji ya Aprili, Maji ya Oktoba: Misimu ya Boti za Mpira Mtoni Zambezi

Mwezi Aprili anga la Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani na Maporomoko ya Victoria, huwa limeanza kutakata. Mvua zimekatika, nyasi bado mbichi, na vumbi la kiangazi halijaanza kutimka. Hata hivyo, huo ndio wakati ambao mto Zambezi hujaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na safari za boti za mpira katika Korongo la Batoka, chini ya maporomoko hayo, mara nyingi huwa zimesimamishwa. Ifikapo Oktoba joto la korongoni linaweza kupita nyuzi 40, mto umenywea, miamba imejitokeza, na msimu wa safari umepamba moto. Mtu anayepanga safari kwa kutazama mvua ya mahali anapokwenda atakosea karibu kila mara. Kinachopaswa kuulizwa ni maji ya mto yanatoka wapi, na yanachukua muda gani kufika.

Zambezi huanzia kaskazini magharibi mwa Zambia, karibu na mpaka wa Kongo na Angola, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Hupita mashariki mwa Angola, kisha hurudi Zambia na kuelekea kusini. Nchi hizo za juu zina msimu mmoja mkubwa wa mvua, kati ya Novemba na Machi, wakati ukanda wa mawingu unaofuata jua unapokuwa umeshuka kusini mwa ikweta. Laiti mto ungeteremka moja kwa moja, mafuriko yangefika maporomokoni siku chache tu baada ya mvua. Lakini njiani kuna tambarare za Barotse, ambako mto huvuka kingo zake na kutanda juu ya mbuga kwa majuma mengi. Walozi wanaoishi humo wana sherehe ya Kuomboka, ambapo mfalme wao, Litunga, huondoka Lealui kwa chombo kikubwa kiitwacho Nalikwanda na kuhamia Limulunga penye ardhi ya juu, kwa kawaida kati ya Machi na Aprili. Tarehe yake hutegemea maji yenyewe, na miaka ya ukame sherehe haifanyiki. Kwa watu wa chini ya mto, hakuna taarifa ya kuaminika zaidi ya hiyo kwamba maji yako njiani.

Tofauti kati ya maji makubwa na maji madogo ni kubwa mno. Mwishoni mwa kiangazi, mtiririko kwenye maporomoko unaweza kushuka hadi mita za ujazo 200 au 300 kwa sekunde. Katika Aprili ya kawaida hupanda hadi maelfu, na mafuriko ya mwaka 1958, yale yaliyoharibu kazi za ujenzi wa bwawa la Kariba, yalikaribia 10,000. Juu ya maporomoko mto una upana wa kilomita 1.7, kwa hiyo nyongeza hiyo hupata pa kutanda. Chini yake, maji yote huingia katika mpasuko mwembamba wa mwamba mweusi wa volkano. Kuta haziachi nafasi ya kupanuka, basi maji hupanda juu, mita baada ya mita.

Msafara wa kwanza wa boti za mpira kuteremka korongo hilo ulifanyika mwaka 1981. Tangu hapo waongozaji wameipa namba miteremko yake, yaani sehemu ambazo maji hukimbia kwa povu kati ya miamba, kuanzia 1 karibu na maporomoko hadi 25. Ugumu hupimwa kwa madaraja 1 hadi 6, na miteremko mingi ya Batoka iko kwenye 4 na 5. Namba 9 inahesabiwa kuwa daraja la 6, na kwa kawaida abiria hushuka na kuipita kwa miguu juu ya miamba.

Kupungua kwa maji hakuufanyi mto kuwa mpole. Kuanzia Agosti hadi Desemba hivi, miamba iliyokuwa imezama hutokeza, mto hugeuka ngazi za kuruka, na nyuma ya kila jiwe kubwa maji hujirudi na kuweza kuishika boti au kuipindua. Faida yake ni kwamba kati ya mteremko na mteremko hubaki dimbwi refu lililotulia. Aliyetupwa nje ya boti hufikishwa humo, akavuta pumzi, akavutwa na wenzake. Kwa sababu hiyo, maji madogo ndiyo yenye msisimko mwingi na pia yenye nafasi ya kusahihisha makosa.

Maji yanapoongezeka, kwa kawaida Januari na Februari, na tena yanapokuwa yakishuka Juni na Julai, baadhi ya miteremko hufunikwa kabisa na kutoweka. Mahali pake hupatikana mawimbi mapana, mizunguko ya maji inayovuta chini, na maji yanayofumuka kutoka vilindini bila kutabirika. Safari huanzia chini zaidi, kwani miteremko ya mwanzo haipitiki kwa usalama. Madimbwi ya kupumzikia nayo huwa yamemezwa na mkondo, na mtu aliyeanguka anaweza kubebwa mbali kabla ya kufikiwa. Mwongozaji anayeahirisha safari kwa sababu ya kiwango cha maji anastahili kushukuriwa, hata kama mgeni amesafiri mbali na kulipa fedha nyingi.

Hali ya hewa ina nafasi yake pia. Juni na Julai ni baridi ya kusini: asubuhi kuta huzuia jua, na nguo zilizolowa huondoa joto la mwili upesi, hivyo koti la kuzuia upepo ni la lazima. Oktoba taabu hugeuka. Jiwe jeusi huhifadhi joto, na kupanda kutoka katika korongo, ambalo lina kina cha mita 200 na zaidi mahali pengine, humchosha mtu kuliko kupiga kasia siku nzima. Ngurumo za Novemba hulowesha njia na kuleta hatari ya radi, lakini haziujazi mto. Maji yake bado yako mbali kaskazini.

Mto Tana karibu na Sagana, nchini Kenya, ambao nao huteremkwa kwa boti za mpira, una tabia tofauti kabisa na ya Zambezi. Maji yake hutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, mahali pa karibu na penye mteremko mkali. Mvua ya usiku mlimani huonekana mtoni asubuhi, hata kama Sagana kwenyewe ni jua tupu. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta maji ya kutosha. Katikati ya kiangazi boti hukwaruza mawe. Dalili za kuangaliwa ni maji kubadilika rangi na kuwa kahawia, vijiti na majani kuelea, na mawe ya ukingoni kuzama moja baada ya jingine. Magogo yanayokuja na maji hayo ni hatari kuliko mawimbi, kwani maji hupenya kati ya matawi na mtu hunaswa.

Huko Jinja, Uganda, mto Nile hutoka Ziwa Viktoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ziwa kubwa hivyo hupanda na kushuka polepole, kwa hiyo safari hufanyika mwaka mzima na maji ni ya vuguvugu. Kinachobadilisha mtiririko wa siku ni malango ya mabwawa ya umeme. Bwawa la Bujagali, lililoanza kazi mwaka 2012, lilizamisha maporomoko yaliyobeba jina hilo, na Isimba la mwaka 2019 likafunika miteremko mingine chini yake. Hasara hiyo bado inawauma waliozijua sehemu hizo. Kipande kilichobaki katikati ndicho kinachotumiwa sasa, na kiasi cha maji yake hupangwa na mahitaji ya umeme. Anayekwenda Jinja hana haja ya kalenda ya mvua. Awaulize waongozaji ratiba ya kufungulia maji kwa siku hiyo.