Vijana Wanaowasikiliza Wenzao

Mwezi uliopita mama mmoja alitusubiri nje ya madrasa hadi watoto wote walipotawanyika. Binti yake yuko kidato cha pili katika shule ya bweni Nairobi, naye alikuwa amemweleza kwa simu kwamba mara moja kwa juma, baada ya masomo, yeye na wasichana wenzake kumi hivi huketi na dada mmoja wa Shamiri, wakazungumza juu ya yale yanayowalemea. Mazungumzo yenyewe hayakumkera mama. Kilichomkera ni umri. "Sheikh, huyo dada ana miaka kumi na tisa. Juzi tu katoka shule. Atamwambia nini mwanangu ambacho mimi mamake sikumwambia?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwomba atupe muda wa kuuliza na kusoma.

Shamiri ni taasisi ya hapa Kenya inayoshughulikia afya ya akili ya vijana. Aliyeianzisha pamoja na wenzake mwaka 2018 ni Tom Osborn, Mkenya aliyekulia kijijini magharibi mwa nchi, na ambaye wakati huo alikuwa akisoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Jina walilolichagua ni la Kiswahili chetu. Kushamiri ni kustawi na kuenea, ijapokuwa wazee wetu walilitumia pia kwa kuitia bunduki baruti. Tunadhani waasisi walikusudia maana ile ya upole.

Watendakazi wake wa mstari wa mbele si madaktari. Ni vijana wa miaka 18 hadi 22 hivi, waliomaliza sekondari na wengi wao wangali wakingojea chuo au kazi. Hupewa mafunzo mafupi na posho, kisha hutumwa shuleni. Sababu ya kwanza ni ya lazima: madaktari wa magonjwa ya akili nchini mwetu ni wachache mno, na waliopo wengi wamekusanyika Nairobi. Sababu ya pili ndiyo iliyotuvutia sisi. Mtoto wa miaka kumi na tano aliyelemewa na mitihani, karo na ugomvi wa nyumbani humwona mtu mzima kama hakimu. Huyu aliyeuvaa unifomu ule ule miaka miwili iliyopita humwona kama shahidi.

Mikutano yenyewe ni minne, kila juma mmoja, wa muda wa saa moja hivi. Miwili ya kwanza huhusu kukua: kwamba ubongo wa kijana haujamaliza kufinyangwa, na kwamba aliyeanguka hesabu muhula huu hakuandikiwa kuanguka maisha yake yote. Wa tatu ni wa shukrani. Wanafunzi huyataja na kuyaandika wanayoyashukuru, hata yawe madogo. Wa nne, kila mmoja huchagua jambo analolithamini kuliko yote, akaeleza atakavyoishi kwalo. Hakuna anayeambiwa kuwa ni mgonjwa. Jambo hilo lina uzito kwetu watu wa Mombasa, ambako kusema fulani "ni wa Port Reitz" kunatosha kumharibia binti posa.

Je, kuna faida? Mwaka 2021 jarida la madaktari la JAMA Psychiatry lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule za sekondari za Nairobi na Kiambu, kwa wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za huzuni nzito au wahaka. Baadhi waliwekwa katika makundi ya Shamiri, na wengine katika makundi ya kufundishwa mbinu za kusoma, nayo pia yakiongozwa na vijana. Waliokuwa katika makundi ya Shamiri walipungukiwa na dalili zaidi. Lakini tuseme kweli: hata wale wa mbinu za kusoma walipata nafuu. Huenda kuketi tu na mtu anayekusikiliza, lolote liwalo somo, ni sehemu ya dawa.

Hapo tulipofika tuliiweka karatasi chini, kwa kuwa tulikumbuka jambo letu wenyewe.

Miaka kama kumi na tano nyuma tulikuwa na mwanafunzi mwepesi wa kuhifadhi. Ghafla alianza kuchelewa, kisha kunyamaza, kisha kusahau hata sura alizokuwa akizisoma amefumba macho. Tulimhesabu mvivu. Tulimsimamisha mbele ya wenzake, na siku moja tulimchapa. Nyumbani kwao walisema ana jini. Aliyeujua ukweli ni kijana aliyemzidi miaka miwili, yule aliyekuwa akijaza maji kwenye birika la kutawadhia. Alikuwa akiketi naye pale ukingoni kila jioni, na ndiye aliyetujia siku moja akatuambia kwamba mtoto yule hajalala usingizi wa kutosha tangu babake alipozama baharini. Babake tulimzika sisi wenyewe, na haikutupitikia kumwuliza mtoto. Leo ni mtu mzima, yuko Uarabuni anaendesha gari, na hatujapata kumwomba radhi.

Kwa hivyo hatuwezi kumwambia mama yule kwamba umri pekee humpa mtu sikio.

Hata hivyo hofu yake ilikuwa na msingi, na tungekuwa tunamdanganya tukiipuuza. Kijana wa miaka kumi na tisa aweza kuambiwa jambo linalomzidi kimo: mtoto anayedhulumiwa na jamaa yake, au anayetaka kujitoa uhai. Kwa ajili hiyo kazi imepangwa kwa ngazi. Juu ya kila kundi la vijana yupo msimamizi, na juu ya wasimamizi wapo wataalamu wanaopokea mambo mazito. Kijana hufundishwa kwamba si kila siri ni ya kufungiwa kifuani. Inayohatarisha uhai hupelekwa juu siku hiyo hiyo. Na sheria nayo imeanza kulegea. Ni mwezi Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Kabla ya hapo mzazi aliyekimbilia msaada alikuwa na haki ya kuogopa polisi.

Tulimweleza mama hayo yote, pale pale nje ya madrasa. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria katika kusoma kwetu kote.

"Na huyo dada mwenyewe, akishabeba ya watoto wa watu, yake humwambia nani?"

Tulimwambia kwamba wasimamizi hukutana na vijana wao kila mara kuyazungumza waliyoyapata, na kwamba hiyo ni sehemu ya kazi yao. Akatikisa kichwa kama mtu ambaye hajaridhika sana. Siku ya kuwazuru wanafunzi, akasema, atapika mahamri kopo mbili badala ya moja, na la pili atampa bintiye amfikishie.