Haile: Mbio ziliisha, mshiko haukuisha

Hapa mjini staa tunampima kwa gari. Akishuka kwenye Benzi, basi kamaliza! Miaka mitano baadaye unamkuta kijiweni kachacha vibaya, anaomba nauli, na sisi sisi tuliomshangilia ndio wa kwanza kumcheka.

Ndiyo maana mimi namzimia Haile Gebrselassie, yule Mhabeshi mwenye tabasamu. Sydney mwaka 2000 alimpokonya Mkenya Paul Tergat dhahabu ya mita 10,000 kwa tofauti ya sekunde 0.09 tu. Jamani, hata kope hujapepesa! Berlin mwaka 2008 akakimbia marathoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59, rekodi ya dunia wakati huo.

Sasa sikia ujanja wake. Alistaafu rasmi mwaka 2015, lakini biashara hakungoja astaafu. Hoteli yake ya Hawassa, kando ya ziwa, ilifunguliwa mwaka 2010, miguu bado ina moto. Kabla ya hapo alishajenga ghorofa Addis Ababa, barabara ya Bole, akaliita Alem, jina la mkewe (akina kaka mnasoma?). Akaingia kwenye kahawa, kisha kuunganisha magari ya Hyundai. Enzi hizo asubuhi mazoezi, mchana ofisini.

Tofauti iko hapo. Staa anayelipwa kutangaza soda, siku sura ikichuja, mkataba nao kwaheri. Mwenye hoteli hata akiota kitambi wageni wanalala tu na kulipa. Kule Eldoret, Moses Kiptanui, bingwa wa dunia mara tatu wa kuruka viunzi na maji, naye fedha za mbio alizigeuza jengo, Komora Centre.

Ila msidhani ni mteremko. Mwishoni mwa Juni 2020, mwanamuziki Hachalu Hundessa alipouawa, ghasia zilizuka Ethiopia na hoteli mbili za Haile, ya Shashamane na ya Ziway, zikachomwa moto. Mamia ya wafanyakazi wakabaki mikono mitupu. Fikiria ungekuwa wewe, na umri wa kurudi uwanjani umeshapita.

Kilichomwokoa ni kwamba mayai hayakuwa kwenye kapu moja. Hawassa ilikuwapo, Arba Minch ilikuwapo. Mwaka 2022 akafungua nyingine kubwa palepale Addis Ababa, na mlangoni kabandika jina lake mwenyewe: Haile Grand.