Raba ya elfu mbili iliyonilaza nje ya kazi siku nne

Kama unaendesha gari kuukuu, hasa hizi ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele, leo ukifika nyumbani piga magoti. Si kuomba. Kata usukani hadi mwisho, washa tochi ya simu na uchungulie nyuma ya gurudumu la mbele. Utaona raba nyeusi yenye mikunjo kama shingo ya mrija wa soda. Hiyo ndiyo buti ya jointi ya CV. Ziko nne, mbili kila upande.

Mimi sikuchungulia. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, mjomba akanipa Vitz yake ya 2003 nibebe abiria. Akaniambia, "Hii ndiyo digrii yako, usiiharibu."

Siku moja nikibadilisha oili, fundi akaniita. "Bosi, raba ya kushoto imepasuka. Elfu mbili pamoja na kazi, leo leo." Nikamwambia mwezi ujao. Wiki hiyo hiyo nikanunua raba mpya, lakini za miguu yangu.

Sasa sikiza. Kazi ya buti ni mbili tu: kuweka grisi ndani, kuweka vumbi na maji nje. Ikipasuka, gurudumu likizunguka grisi inarushwa. Ukiona rimu imechafuka weusi upande wa ndani, jua imeanza. Mchanga unaingia, unasaga chuma polepole. Baadaye unasikia tak-tak-tak ukikata kona kali. Hapo umechelewa, buti mpya haiponyi jointi iliyolika.

Mimi nilisikia tak-tak, nikaongeza redio.

Jointi ilikatika asubuhi ya Jumatatu, katikati ya mzunguko, nyuma nimebeba mama na mtoto wa kliniki. Injini inanguruma, gari haliendi. Shafti moja ikikatika, nguvu yote inapotelea huko na gurudumu la pili halipati kitu. Yule mama hakunitukana. Alisema tu, "Pole kijana," akashuka na mtoto mgongoni kutafuta boda. Afadhali angenitukana.

Brekidauni, 3,500. Shafti ya mtumba na kazi, 6,500. Siku nne bila kazi. Na bado ilibidi nimpigie mjomba simu.

Kwa hivyo ukipata buti imepasuka na bado hakuna kelele, nenda kwa fundi na usimame hapo uangalie. Nati kubwa ya shafti hulegezwa gari likiwa bado chini. Gari likiinuliwa, likae kwa stendi, si jeki peke yake. Shafti ikitoka, grisi ya zamani ipanguswe yote, jointi ikaguliwe kama imelika, ndipo iwekwe ile grisi nyeusi inayokuja na buti. Grisi ya kawaida ya kopo, kataa. Akitaka kufunga buti kwa waya badala ya klampu, kataa pia. Waya unakata raba. Na zile buti zilizopasuliwa ubavuni ili zigandishwe kwa gundi bila kutoa shafti, hizo ni za kukufikisha nyumbani tu.

Mwisho, hakikisha nati ya shafti imekazwa sawasawa na kufungwa isijilegeze. Kisha tafuta uwanja mtupu, kata kona kamili kulia, halafu kushoto. Zima redio.

Siku hizi kila Jumapili nachungulia raba zote nne. Majirani wameshazoea kuniona nimelala chini ya gari. Mjomba naye alikuja juzi, akainama, akamulika, akainuka bila kusema neno. Kwake hiyo ni pongezi.