Kinachozoea ni Chombo au Sikio?

Niliponunua amplifaya ya vali kwa fedha nilizodunduliza miaka mitatu, muuzaji alinionya nisiihukumu kabla haijapigwa kwa saa 200. Eti sauti ingali changa, itakomaa. Nami, kama mwari mbele ya kungwi, nikatii, ingawa taarabu ilisikika kavu tangu siku ya kwanza.

Ni kweli kwamba vali huhitaji dakika kadhaa kupata moto, na kapasita mpya hutulia baada ya kutumika. Lakini mabadiliko hayo ni madogo mno. Linalozoea zaidi ni sikio. Akaaye kando ya tanuri huacha kuhisi joto.

Tupige hesabu. Kwa saa mbili kila jioni, saa 200 ni siku 100. Muda niliopewa wa kurejesha bidhaa ulikuwa siku 30! Nilipogutuka, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa, na sauti ni ile ile.

Ndugu msomaji, nenda dukani na santuri uijuayo vyema, usikilize fedha zikiwa zingali mfukoni. Wahenga hawakukosea: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.