Udongo hauungui, mlango ndio unaungua

Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua inaporudi, pori za Haut-Katanga na Lualaba zinaungua. Mmoja anachoma shamba, mwingine anatafuta panya, mwingine anaacha tanuri la makala bila mlinzi. Upepo ukikamata ule moto, hauulizi kijiji ni cha nani. Na familia zetu mingi zinaishi kule kule: baba iko ku mgodi, mama na watoto wanabaki karibu na shamba, ndani ya nyumba ya majani.

Kiisha moto kupita, mtu anayetembelea kijiji kilichoungua anaona jambo moja. Majani ya juu yameisha, mbao zimeisha, mlango umeisha. Lakini ukuta wa matofali ya udongo ungali umesimama. Basi swali linakuja lenyewe: kama udongo unaweza kukinga pembeni, juu ya nini usikinge na juu ya kichwa?

Kuna inchi ambayo watu wake wamejibu swali hili kwa kujenga. Ni Australia. Siku ya posho, tarehe 7 mwezi wa pili 2009, moto wa pori uliangukia vijiji vya jimbo la Victoria. Watu 173 walikufa, na nyumba zaidi ya 2 000 ziliteketea. Wale wa kule wanaita siku ile Jumamosi Nyeusi.

Wataalamu wao wanafundisha jambo ambalo linatufaa sisi pia. Ule moto mkubwa unaotisha macho unapita mbio, mara nyingi kwa dakika chache tu. Kinachomaliza nyumba mingi ni cheche. Zinaruka na upepo mbele ya moto, tena zinaendelea kuanguka masaa mingi nyuma yake. Zinaingia chini ya bati, katika tundu la dirisha, chini ya mlango. Zikikuta majani makavu, kuni ama godoro, nyumba inaungua kutoka ndani, hata kama moto wenyewe haukuigusa.

Ni kwa hiyo watu wengine kule wanajenga nyumba zilizofunikwa na udongo. Haichimbwi kama shimo la mgodi. Wanasimamisha kwanza kuta na dari ya beton yenye vyuma, wanapakaa dawa ya kuzuia maji, kiisha wanarudisha udongo pande tatu na juu. Upande mmoja tu unabaki wazi kwa mlango na madirisha. Ule upande ndio wanaulinda zaidi: mlango usioungua, vifuniko vya chuma ku madirisha, na waya laini mbele ya kila tundu la hewa. Sheria yao ya ujenzi inasema matundu ya waya ule yasipite milimita 2, ili cheche isipenye.

Mchimbaji atasema: «Lakini sisi tunajua kuchimba. Tutachimba tu nyumba ndani ya mlima.» Hata Australia wachimbaji walifanya vile. Kule Coober Pedy, ambako wanatafuta mawe ya opal tangu 1915, watu wengi wanaishi ndani ya vyumba vilivyochimbwa katika mwamba. Walikimbia joto la jua, si moto wa pori. Lakini tuangalie vizuri: mwamba wa kule unashikamana wenyewe, na mvua ni haba sana. Lubumbashi inapata karibu milimita 1 200 za mvua kwa mwaka. Chumba kilichokauka vizuri mwezi wa nane kinaweza kuanguka mwezi wa kwanza. Kila mtu wa mgodi anajua ni mwezi gani mashimo yanakula watu.

Tena kuna uzito. Udongo uliolowa unaweza kufika kilo 2 000 kwa meta kyubu moja. Weka sentimita 30 tu juu ya chumba cha meta 4 kwa 5: unapata tani 12 juu ya vichwa vya watoto. Miti ya pori na bati haziwezi kubeba ule mzigo. Bila beton iliyopimwa na mtu wa kazi, usiweke udongo juu. Na usirundike udongo kwenye ukuta wa matofali mabichi: unyevu utaingia, na ukuta utalainika.

Neno lingine ni zito zaidi. Moto ukikufikia porini, usishuke ndani ya shimo la mgodi. Moshi unaingia, hewa nzuri inaisha, na hakuna mlango wa pili. Ni kifo kile kile cha watu wanaolala na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, ama wanaowasha motopompe chini ya shimo. Kiisha Jumamosi Nyeusi, Australia ilitoa mwaka 2010 kanuni maalum za vyumba vya kujificha moto, juu ya kujua kwamba udongo bila hewa hauokoi mtu. Afazali kukimbilia fasi iliyokwisha kuungua, ama uwanja mtupu usio na majani.

Basi, mwenye franka kidogo afanye nini kiangazi hiki? Aanze fasi cheche zinapoanzia. Akipata bati, aondoe majani, na azibe kwa udongo zile nafasi kati ya bati na ukuta. Kuni na magunia ya makala yakae mbali na nyumba. Jiko la majani lisigusane na chumba cha kulala. Kuzunguka nyumba, ardhi ifagiliwe iwe nyeupe, pasipo majani wala takataka. Anayejenga mpya akumbuke kwamba upepo wa kiangazi kwetu unatoka sana sana kusini-mashariki: upande ule auachie ukuta mzima, mlango uangalie upande mwingine.

Kijiji kizima nacho kiko na kazi yake: kuchoma njia ya kukinga kandokando mapema, mwezi wa tano ama wa sita, wakati majani yangali na maji kidogo, saa upepo umelala, chifu na majirani wakijua. Karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka, wataalamu wa misitu walianza mwaka 1933 kuchoma vipande vya pori kwa majira tofauti. Fasi moto ulipowashwa mapema, miti iliendelea kuishi. Fasi ulipowashwa mwisho wa kiangazi, miti iliisha pole pole, majani marefu yakachukua nafasi yake. Na majani marefu ndiyo chakula cha moto wa mwaka unaofuata.

Kazi hizi zote zinaomba jembe, fagio na siku mbili za mapumziko. Mchimbaji hapiti chini ya dari ya mgodi bila kuiangalia kwanza. Akirudi nyumbani, aangalie vile vile ile ambayo mama na watoto wanalala chini yake.