Kelele Zinazotoka Kwenye Rezista

Themokapo ya aina ya K, ile inayochomekwa kwenye tanuri, hutoa mikrovolti zipatazo 41 kwa kila nyuzi ya selisiasi. Ukizikuza kwa opampu ya 741, chipu ya mwaka 1968 ambayo mpaka leo haikosekani madukani, utaumia. Kosa lake la sifuri, yaani volti inayojitokeza mlangoni hata kama haijaletewa kitu, laweza kufika milivolti 6. Piga hesabu: hizo ni karibu nyuzi 150 za uongo.

Mwaka 1975 George Erdi wa Precision Monolithics alitoa opampu ya OP07. Kosa la toleo lake la E halizidi mikrovolti 75, chini ya nyuzi mbili. Siri yake iko kiwandani: kabla chipu haijavishwa ganda, dayodi za zena ndogondogo zilizomo ndani huunguzwa makusudi, moja baada ya nyingine, mpaka milango miwili ilingane.

Kosa la namna hiyo likitulia, unaweza kulipima na kulitoa. Kelele haziondoki hivyo, maana hubadilika kila wakati. Na nyingine hazitoki hata kwenye chipu. Mwaka 1928, katika maabara za Bell, John Johnson alichapisha vipimo na Harry Nyquist akatoa nadharia: kila rezista yenye joto hupiga kelele, uwe umeinunua kwa bei gani. Rezista ya kiloomu 1 katika joto la chumbani hutoa nanovolti 4 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi. Ukisikiliza upana wa hezi 10,000, kipeuo chake ni 100, basi unapata nanovolti 400.

Hapa ndipo wengi wanaponunua vibaya. Wanafungua karatasi ya vipimo, wanatafuta namba ndogo kuliko zote ya kelele, na wanaangukia opampu ya LT1028 yenye nanovolti 0.85 dhidi ya 10 za OP07. Kwa chanzo chenye omu 50, kama baadhi ya maikrofoni, wamepatia kabisa. Lakini chipu ina kelele ya pili, ya mkondo, ambayo huzidishwa na ukinzani wa chanzo. LT1028 ina pikoampea 1. OP07 ina takriban 0.12. Weka chanzo cha kiloomu 100: mkondo wa LT1028 unazaa nanovolti 100, wa OP07 unazaa 12, na rezista yenyewe 40. Kelele hujumlishwa kwa miraba, kwa hiyo LT1028 inaishia kwenye 108 na OP07 kwenye 43. Chipu ya bei ya chini imeshinda, tena kwa mbali. Mimi huanza na ukinzani wa chanzo, ndipo naulizia chipu.

Rezista za kuweka ukuzaji nazo zimo kwenye hesabu. Ukuzaji wa mara 101 unapatikana kwa omu 100 na kiloomu 10, na pia kwa kiloomu 10 na megaomu 1. Jozi ya pili inaongeza karibu nanovolti 13 za bure.

Baada ya hapo angalia upepo. Shaba ya bodi ikikutana na miguu ya aloi ya kova ya chipu za ganda la chuma, kiungo hicho ni themokapo nyingine, ya mikrovolti kama 35 kwa nyuzi. Feni ikivuma upande mmoja, namba zinayumba. Funika chipu kwa kifuniko kidogo, kisha pima tena.