Mshahara Uliopimwa kwa Mizani

Hapo kale askari wa Roma hakupata mshahara. Raia alipoitwa vitani alikwenda kwa gharama yake mwenyewe, na mkewe na watoto walibaki wakitegemea shamba. Mwandishi wa historia Livy ameeleza kwamba mnamo mwaka 406 Kabla ya Kristo baraza la wazee liliamua askari walipwe kutoka hazina ya dola. Watu walishangilia, lakini malipo hayo yalitaka kodi, na Roma haikuwa bado na sarafu za fedha. Basi wakubwa wakapeleka kodi zao hazina kwa magari ya kukokotwa, yamesheheni shaba.

Shaba hiyo ilipimwa kwa mizani. Ndiyo maana neno la Kilatini la mshahara wa askari, stipendium, limezaliwa na neno lenye maana ya kupima uzito.

Ilipofika mwaka 280 hivi, Warumi walianza kusubu sarafu za mviringo. Shaba iliyochanganywa na bati iliyeyushwa, ikamiminwa katika kalibu. Sarafu kuu, as, ilikuwa na uzito wa ratli moja ya Kirumi, karibu gramu 324; sarafu tatu tu zilikaribia kilo nzima! Upande mmoja palikuwa na mungu Janus mwenye nyuso mbili, na baadaye upande wa pili ukawa na omo ya merikebu. As iligawanyika katika uncia 12, neno lililopita kwa Wagiriki na Waarabu hata likawa wakia katika Kiswahili. Sarafu ya wakia tatu ilitiwa vitone vitatu, hata asiyejua kusoma aweze kuhesabu.

Kisha vikaja vita. Hannibal aliingia Italia mwaka 218, na gharama za majeshi zikapanda mno. Ratli ya shaba iliyotoa as moja ikatoa mbili, na kufikia mwaka 211 hivi ikatoa sita. Jina la sarafu lilikuwa lile lile, na Janus yule yule. Lakini mjane aliyeshika as moja alishika sehemu ya sita tu ya shaba aliyoishika bibi yake. Wakati huo huo ilitolewa sarafu mpya ya fedha yenye thamani ya as 10, denarius, ambayo jina lake ndilo dinari ya leo. As nayo, kwa kuwa imekuwa nyepesi, haikuhitaji tena kalibu: iligongwa muhuri kwa nyundo, ikaingia mkobani.